Uzi na Kiazi

Muuguzi wa Kadutu kaniandikia karatasi:
mkate, bugali, wali, vyote kavichora msalaba.
Chini, kwa kalamu ya kijani: mboga, kula utakavyo,
halafu, kwa herufi ndogo kama chawa,
isipokuwa mboga zenye wanga.

Nikamwuliza, Mama Ciregena, hizo ndizo zipi?
Akahesabu vidoleni: kiazi, teke, muhogo, boga.
Nikacheka hadi mizani ikatikisika chini yangu.
Kwetu Walungu kiazi hakijawahi kuwa mboga.
Mboga hukaa pembeni mwa sahani ikingoja kuitwa.
Kiazi ndiye mwenye nyumba.

Kilo tisini na nne. Walionishitaki ni magoti,
si kioo. Kioo na mimi tunaelewana.
Lakini ngazi za kupanda kutoka sokoni ni mia na kumi na saba,
nazijua kwa sababu napumzika kwenye ya arobaini,
na ya sabini,
na karibu kila moja baada ya hapo.

Mimi ni fundi wa kushona. Futi yangu imezunguka
viuno vya maharusi, mabega ya mapadri.
Usiku nikafunga mlango, nikajizungusha mwenyewe:
mia na kumi na mbili.
Nikavuta tumbo ndani. Mia na kumi.
Futi haina heshima.

Jirani Nankafu ananionya juu ya ua:
ukikonda watasema unaumwa, au mume kapata mwingine.
Mwili wako, dada, ndio pazia la nyumba yako.

Na wiki hiyo hiyo mama akatuma gunia.
Viazi vitamu, udongo ungali mashavuni,
mateke yenye nywele kama vichwa vya vichanga.
Barua haikuwamo. Gunia ndilo barua.
Nimjibu nini, kwamba nimekatazwa kusoma?

Jana nikachemsha kimoja. Kimoja tu, na ganda lake.
Mvuke ulipopanda ulinikuta nina miaka tisa,
usiku ule tulipokimbilia msituni
na kisu kikasahaulika mezani.
Mama alichomoa uzi kwenye pindo la kitenge,
akauzungusha kwenye kiazi, akavuta, akazungusha tena.
Vipande sita, sawasawa.
Tulikuwa saba, pamoja naye.

Basi nikafungua droo, nikatoa uzi mweupe,
nikakata changu katikati.
Nusu nikaila polepole, na lengalenga bila mafuta,
na sambaza watano wa kukaanga bila chochote, wakavu kama kauli ya Mama Ciregena.
Kiazi kilikuwa kitamu. Sikutubu.
Nusu nikaifunikia sahani, ya kesho.

Saa nane usiku niliamka kunywa maji.
Sitasema zaidi.

Leo nimepumzika kwenye ngazi ya arobaini na tano.
Mwezi mzima, ngazi tano.
Nikiwa hapo nahema, simu ikalia.
— Gunia lilifika?
— Lilifika.
— Unakula?
— Nakula, mama. Nakata kwa uzi.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na upepo wa kule juu.
— Usikate vyembamba mno, akasema.