Sahihi ya Baya

Bwana Ottavio aliitandaza mezani kwangu, Maweni,
juu ya kitambaa alichokuja nacho mwenyewe,
kana kwamba meza yangu ina upele.
Akavaa glavu nyeupe, nyembamba, za daktari.
Nikacheka moyoni: hizo
zisingemaliza raundi moja na baba.

Kadi ya pambano, Mombasa, mwaka wa sitini na moja.
Kiti cha mbele, shilingi tano.
Picha ya baba, ngumi kidevuni, nywele zimechanwa njia kwa wembe,
na chini yake, kwa wino uliochujuka ukawa kama chai:
BAYA.
Ndilo jina alilopewa na babu yake, la ukoo,
ila watu wa mjini walilisoma ukutani wakadhani ni tishio.
Herufi nne. B imetazama nyuma
kama mtu aliyeitwa na mdai wake.

"Wewe ni mwanawe," akasema. "Utajua."
Akapanga picha za nyingine sita alizowahi kuziona,
ya Tanga, ya Nairobi, ile ya hotelini,
zote mwandiko mmoja, Y imekunja mkia
kama kinyonga aliyeshiba.
Akanipa kioo cha kukuzia, akanifunza:
mwongo huandika polepole,
kalamu yake husimama njiani kuuliza njia.
Mwenye jina hupita mbio, hajali.
Hii imesimama mara tano. Tazama matone.
Tazama hapa, alipoinua mkono.
Ikiwa ya kweli, laki mbili.
Ikiwa ya bandia, ya kufungia karanga.

Nikatazama.

Niliona chumba chetu nyuma ya kinu cha pamba,
koroboi, nyuzi nyeupe kwenye kope za baba,
mikono yake ndani ya ndoo ya maji ya chumvi,
na mama, Mbeyu, aliyesoma misheni hadi darasa la nne,
anatia jina kadi kwa kadi, mkia unakunjika,
anapuliza wino ukauke.
"Watu wanataka mkono wangu," baba ananung'unika.
"Mkono wako wameupata wenzako, puani.
Hawa wape jina."

Zile sita ni za mama.
Moja niliiuza mimi, karo ya Kahindi, kidato cha tatu,
kwa mtu aliyenishukuru akilengwalengwa na machozi.

Na hii?
Usiku wa pambano lile mama alikuwa wodini, hapa Malindi,
anahangaika na mimi.
Baba yuko Mombasa peke yake, jicho moja limefumba,
kijana amemnyooshea kadi, na hakuna wa kumwandikia.
Alikwenda polepole, kweli,
kama avukaye mto usiku,
anapapasa jiwe kwa wayo kabla ya kulikanyaga.
Matone matano. Mawe matano.

Nikisema sahihi ndiyo hii,
zile sita zinaanguka sakafuni bila hata kuhesabiwa,
karo ya Kahindi inageuka wizi,
na mama anaamka mughushi kaburini kwake Ganda.

"Si yake," nikasema. "Baba hakuandika B ya namna hii."

Alivua glavu kidole kwa kidole.
Alisikitika, na sikitiko lake halikuwa la pesa tu,
hilo namkiria.
"Basi ibaki nawe," akasema.
Nikamshikisha shilingi mia. Akakataa. Nikamkazia,
maana cha bure hakina mwenyewe.
Akakunja kitambaa chake, akaenda na jua la saa nane.

Usiku nilichukua kalamu ya mjukuu wangu
nikaijaribu ile B inayotazama nyuma.
Mara ya kwanza ikageuka mbele yenyewe.
Mara ya pili nikaipata, lakini Y,
nifanye nifanyavyo,
ikakunja mkia.