Mito

Saa kumi na mbili na nusu Nzigire anawasha mshumaa,
anauweka chini, kwenye jiwe jeusi, kando ya kompresa.
Ukizimika tunahama.
Mazuku hulala chini kama mbwa wa mwenye nyumba,
ila hayabweki,
na mtungi uliojazwa pumzi yake
humlaza mzamiaji kabla hajaloa.
Mshumaa umesimama. Tunajaza.

Daftari: ziwa limetulia, upepo hakuna.
Jana mvua iliosha Birere na uchafu wote ukatujia sisi,
kwa hiyo uoni mita nne, labda tano
ukishavuka ule ukanda wa sandali na chupa.
Joto digrii ishirini na tatu.
Kinachotafutwa: mashine ya boti, nguvu farasi arobaini,
iliyomponyoka Cirhuza wa Idjwi usiku, parafujo zimelegea.
Malipo: dola hamsini ikipatikana.
Isipopatikana, asante.

Kamba kiunoni. Mvuto mmoja: niko salama.
Miwili: niongezee.
Mitatu: usiulize.

Mita tatu. Sambaza wanapita,
kama mtu anamwaga vijiko kwenye sinia
na sauti imebaki nyumbani.
Wanaachana usoni pangu, wanaungana mgongoni.
Hakuna aliyeniomba kitambulisho.

Mita nane, mawe yanaanza.
Mwaka ule mlima ulishuka mjini,
mto wa moto ukala duka, ukala kanisa,
ukala kitanda nilichokuwa nalalia na kaka zangu,
ukafika hapa, ukaonja maji,
ukajikunja.
Mviringo juu ya mviringo, laini, mweusi, umejaa ukingo wote:
mito.
Lugha yetu ilijua mapema.
Kinachotiririka na kinacholaliwa, jina moja.
Naweka kiganja juu ya mmoja. Baridi.
Huenda humu ndani imo misumari ya paa letu.

Mvuto mmoja kutoka juu: Uko?
Mmoja kutoka kwangu: Niko.

Mbele ukuta unakatika, unaanguka gizani.
Huko hatuendi.
Huko chini kabisa gesi imelala, na maji, wanasema wapimaji,
yanarudi kuwa na joto, kama mgonjwa.
Mgeni asiyekusalimu, usimwamshe.

Mita kumi na nne. Mashine.
Imelala ubavu kati ya mito miwili, rafadha juu,
na siku tisa tu zimetosha kuwa mtaa:
kaa mmoja kwenye tundu la moshi, anahesabu vidole vyake,
konokono, utelezi wa kijani,
na chini ya kifuniko, jike la samaki, rangi ya majivu,
refu kama kidole cha kati,
na watoto wake wanaelea mbele yake kama vumbi lenye macho.

Taa yangu ikawagusa.
Akafungua mdomo.
Wakaingia wote. Wote! Kama mlango wa kanisa mvua ikianza.
Akafunga.

Mama yangu hakuwa na mdomo wa namna hiyo.
Usiku ule alibeba mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
wa tatu akamshika kwa maneno tu:
Fuata sauti. Usitazame nyuma. Fuata sauti.
Wa tatu nilikuwa mimi.
Hadi Sake nilitembea nimeshika neno,
na nyayo zangu zilinuka mpira ulioungua.

Hewa: baa sabini. Muda umebaki mchache,
maana ziwa letu liko juu milimani, na kupanda lazima polepole.
Ningeweza kuandika: haikuonekana.
Lakini Kahindo ana karo ya muhula wa pili,
na Cirhuza ana watoto watano na kasia moja.
Nikazungusha kamba ya mzigo shingoni mwa mashine,
nikakaza fundo.

Jike halikukimbia mbali.
Lilisimama juu ya jiwe, mashavu yamefura,
likanitazama.
Mdomo umejaa watoto:
hata kunilaani hawezi.

Nikavuta mara tatu.