Papi za Nenda Urudi

Skrubu ya kwanza iligoma.
Nikaidondoshea mawese kwa kijiti, nikaiacha,
nikaenda zangu kutafuta chai pale Kibirizi.
Niliporudi ilikuwa imelegea kidogo,
kama mtu aliyekasirika mpaka akachoka.

Kubandua papi si kazi ya nyundo.
Unachukua patasi butu, ile uliyokwisha kuistaafisha,
chini yake unaweka kipande cha kandambili
ubao usipate kovu,
unasukuma kwa pumzi, si kwa bega.
Ukisikia *kii*, simama.
Ukisikia *ka*, umechelewa.

Nilichelewa mara mbili.

Ni mninga, ulipanda treni Tabora
kabla mimi sijazaliwa,
ukaja kupamba chumba ambacho ukisimama wima
unagonga kichwa.
Hawa Rusimbi, mwenye mashua, alisema:
mbavu badilisha zote, mkuku ukipenda,
lakini hizi papi nataka zirudi hizihizi.
Mama yangu alizishika akitapika njia nzima kwenda Kalya.

Basi nikazipa majina. Za kushoto Bukuru,
za kulia Butoyi, maana ni mapacha,
na hapa Kigoma nani hajui pacha yupi anatangulia?
Siku ya pili chaki ikapungua, uvivu ukaongezeka.
Nikaandika B1, B2, B3.
Kushoto B.
Kulia B.
Sikujicheka hadi wiki ya tano.

Nyuma ya papi, mataruma yalikuwa yamelainika
kama muhogo uliosahaulika kwenye maji.
Kidole kilizama mpaka pete.
Na pale pembeni, karibu na shetri,
mwandiko wa penseli, herufi zimeinama:
*Hapa Feruzi nilipima vibaya. Nimeziba kwa nta.
Atakayefungua anisamehe.*

Nikakaa chini.
Nje watu walikuwa wakianua dagaa, wakigombania turubai.
Miaka yote hiyo, abiria wameegemea kosa lake
wakilisifu kwa mng'ao.

Mataruma mapya yakaingia, mbao zikakalafatiwa,
na mashua ikawa na kifua kingine.
Papi zile zile, kifua kingine:
hapa pana mwanya wa kucha, pale ncha imezidi.
Na B zangu zimenitazama, kumi na tisa,
hakuna hata moja inayosema ya upande gani.
Ikabidi nizijaribu moja moja, kama funguo za marehemu.
Kilichoniokoa ni matundu.
Tundu halisahau skrubu yake;
ukiliweka mahali pake, linanyamaza.

Ile ya Feruzi niliirudisha jioni ya mwisho.
Sikuirefusha. Nta nilitia mpya.
Lakini kabla ya kufunga nilitema mate kwenye penseli,
nikaandika chini ya maneno yake:
*Umesamehewa. Mimi nilichanganya B.*
Skrubu nne. Kwisha.

Hawa aliingia, akapitisha kiganja ukutani,
akainama asigonge kichwa, akagonga.
Zimerudi zote? akauliza.
Zote, nikasema.

Sasa nyumbani, juu ya kabati la vyombo,
umelala upapi mmoja, mrefu kama mkono wangu.
Nyuma yake hakuna chaki, hakuna B.
Mke wangu anautaka uwe wa kutundikia pazia.
Namwambia ngoja kwanza.
Kila nikiutazama nautafuta mwanya wake,
na mashua imekwisha pita Kalya,
na ziwa, mama yangu, ni refu.