Safu ya Kweli, Safu ya Katunga

Nilikuwa msomaji prufu Chang'ombe, miaka thelathini na mmoja.
Kiwanda kimefungwa, jicho halijui kustaafu:
likiona koma imekaa upogo, silali.

Nakijwa, binti yangu, akaniletea riwaya
nene kama tofali la Boko.
Virginia, enzi Mwingereza akiitawala Marekani;
tumbaku hadi upeo wa macho,
bwana mwenye wigi la singa za mbuzi.
Nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, mwandishi anasema:
Baadhi ya haya yalitokea.

Baadhi!
Neno la wakili.
Baadhi yapi?

Basi nikanunua daftari la hesabu, nikapiga mstari katikati.
Huku Kweli. Huku Katunga.
Kila Jumanne Maktaba Kuu, ghorofani,
chini ya feni inayozunguka kwa kukumbushwa.

Mapipa ya tumbaku kubiringishwa njiani hadi gatini: Kweli.
Kasisi kulipwa mshahara kwa ratili za majani: Kweli.
Harusi iliyovunjwa na radi: Katunga,
au tuseme sikuikuta; radi haiandikwi kwenye leja.
Sheria ya 1705, iliyomweka mtumwa
fungu moja na kiwanja, arithiwe kama kiwanja:

Kweli.
Hapo nilishuka chini kunywa maji
nikakaa kwenye ngazi, mhudumu akaniuliza kama naumwa.

Merikebu zilizotoka Bukini na watu tumboni: Kweli pia.
Mstari mmoja katika kitabu kizito. Mmoja.

Ndipo tukafika sura ya tisa, kwa mpishi.
Bwana anamwita Judi.
Jina la kwao mwandishi hakulipata, au hakulitafuta.
Kila magharibi anasimama nyuma ya jiko
na kuita, akuhu, akuhu,
na mtoto wa bwana, dirishani, ananyong'onyea:
anaita wafu wake.
Ukurasa na nusu. Ukungu upo. Mbalamwezi ipo.
Neno lenyewe, mwandishi anaapa, kalitoa
katika barua ya kale ya mke wa jirani.

Nikaweka alama ya kuuliza, juu ya mstari wa katikati,
mguu huku, mguu kule.
Ikakaa wiki saba.

Ijumaa moja nikaenda Kisutu kununua jogoo, tuna wageni.
Bi Moinaesha ndiye huninyonyolea:
Mngazija, mzaliwa wa Majunga,
aliyekuja hapa msichana, na kibegi na ndimi tatu.
Sijui nini kilinituma. Nikamsomea lile neno.
Kisu kikasimama.
"Rudia."
Nikarudia.
Alicheka hadi kanga ikamdondoka begani,
manyoya yamemganda hadi viwikoni.
"Mwalimu wewe! Akoho! Huyo mama anaita kuku!"

Kisha, bila kuombwa, akaendelea kuhesabu kwa kidole chenye damu:
ng'ombe kule ni omby, kondoo ni ondry,
wanyama walivuka toka mwambao huu
na majina yao shingoni.
Akanyamaza. Akauliza alikuwa nani.
Nikasema, mpishi. Zamani. Mbali.
"Alikuwa nao wengi?"
Sikujua kama aliulizia kuku.

Huenda nimekosea. Barua sijaiona,
na sikio la mke wa jirani si shahidi ninayeweza kumwapisha.
Lakini nilirudi Buguruni nikafanya kazi niliyosomea.
Ukurasa wa 214: mizimu, nikapiga mkia wa kufuta.
Ukungu, futa.
Mbalamwezi nikaiacha, haijamdhuru mtu.
Pembeni, kwa penseli:
*kuku. Jua linazama, mbweha wapo, anawafungia.*

Daftari sikuligusa.
Uani jirani alikuwa anamwaga pumba
na kuita.