Debe la Rangi

Njia ya punda, ya Riyam kupanda hadi Matrah,
haikujengwa na mtu aliye hai.
Ndiyo maana haina mfadhili.

Mwaka huu alama zimefifia mawe:
nyekundu imekuwa waridi, njano imekuwa vumbi,
nyeupe hujui ni rangi au kinyesi cha ndege.
Mgeni mmoja alifuata kinyesi,
akatokea ukingoni mwa genge, simu haina mtandao.

Nikaenda ofisini na daftari la shule:
debe la rangi, riali tisa;
brashi mbili, riali moja na baisa mia nne;
mpakaji, siku tatu, huyo bure, ni mimi.
Bwana Muhanna alinisikiliza, akanimiminia kahawa.
Ukutani nyuma yake, picha ya bustani mpya:
chemchemi ya rangi saba,
mitende iliyoshushwa jana na lori
imesimamia mikongojo kama wagonjwa.
"Kwa kipya," akasema, "fungu lipo.
Kwa kilichopo, bibie, fungu halina jina."

Nikatikisa kikombe: yatosha.

Na kweli, nani atakata utepe wa parafujo?
Nani apige picha na bomba lisilovuja?
Ufa hauna sherehe.

Kwa wakwe zangu, huko Dakhiliya,
falaji ni kuukuu kuliko majina ya ukoo,
na asubuhi bado unaisikia ikipita chini ya ukuta wa jikoni.
Kuna zamu moja ya maji isiyo ya mtu.
Hupigwa mnada, anayeitaka aongeze,
na fedha yake hununua chokaa, humlipa mzoa tope.
Maji hujilipia fundi wake.

Lakini njia yangu itauza nini? Upepo?

Nikatoboa kopo la maziwa ya unga,
nikaliweka mkahawani kwa Koya, kando ya sukari.
Wiki tatu: riali sita, baisa mia nane na hamsini,
kifungo cha kanzu,
na shilingi mia ya Tanzania
iliyosafiri mfukoni mwa nani, sijui.

Debe zima halikufika. Koya akakata bei ya chai, akaongeza kidogo,
muuza rangi akanipimia nyekundu tupu.

Nimepaka mpaka jiwe la arubaini na moja,
pale mgongo wa mlima unapogeuka.
Kuanzia hapo, uliza.