Namba Arobaini na Moja

Nilikwenda soko la Gyumri na nyundo mbili mkobani,
na jiriwa ndogo, na spana zilizofungwa kwa kamba ya kiatu,
kwa sababu sanduku la zana halichaguliwi kwa macho.
Macho hupenda rangi. Macho ndiyo yaliyoniponza mwaka juzi
nikanunua lile jekundu, la droo saba, linalong'aa kama tufaha;
baridi ilipoingia, droo ya tatu iliniangukia mguuni
pamoja na tupa zote, na matusi ambayo sikujua kama nayajua.

"Rahisi huvunja upishi," akasema shemeji Hamazasp,
yeye ambaye hajawahi kupika wala kukaza skrubu.

Basi safari hii nilibonyeza.
Ubavu wa la kwanza nikausukuma kwa kidole gumba:
ukabonyea, ukarudi, tok,
kama kopo la samaki. Nikapita.
La pili nikalikalia. Muuzaji, kijana wa kofia ya sufu,
akanuna: "Mama, hilo si benchi."
"Mwanangu, mimi ni kilo themanini na moja.
Cherehani ninazotengeneza ni za chuma cha kusubu.
Likinishindwa mimi, kazi yangu litaiweza?"
Bawaba zikajibu kwa niaba yake. Nikainuka.
La tatu lilikuwa na magurudumu mazuri ya mpira;
nikapakia nyundo droo ya juu, nikaivuta hadi mwisho,
na sanduku zima likainama kunisujudia.

Sitaki kusujudiwa.
Nataka kitu kisimame.

Mwisho wa safu, nyuma ya mazulia na redio zilizopoteza sauti,
Zabel alikuwa akiuza mabaki ya kiwanda cha soksi.
Lilikuwa hapo, rangi ya maji yaliyooshea vyombo,
namba 41 ubavuni, theluji ya Machi mgongoni.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hili halikujiuza wala halikujitembeza,
lilikaa tu.
Nikabonyeza: kidole ndicho kilichobonyea.
Nikakalia: hakuna neno, ila baridi.
Nikavuta droo ya chini, nzito kama mlango wa tanuri,
ikatoka yote, ikakaa hewani na nyundo zangu na jiriwa yangu,
haikutikisika.
"Elfu thelathini," akasema Zabel, bila kuacha kumenya mbegu za alizeti.
Nikasema ishirini. Akaendelea kumenya.
Nikalipa thelathini.

Walilishusha watu watatu hadi chini ya nyumba:
Hamazasp, Nshan fundi viatu, na kijana yule yule wa kofia,
ambaye sasa alikuwa anacheka.
Ngazi kumi na nne. Ya tisa haina kona tangu siku hiyo.

Usiku nilifuta grisi ya zamani, na ndipo nikaona:
katika sakafu ya kila droo, mtu alichora kwa rangi nyeupe
kivuli cha kila zana, koleo hapa, bisibisi hapa,
mkono uliotulia, mstari mmoja usioinuliwa.
Nikazilaza zangu moja moja katika vitanda vya wenziwe.
Nyingi zilienea. Nyundo yangu kubwa
ilipita mstari kidogo, kama mwenye kitambi.

Ila droo ya tano, kona ya kushoto,
kuna umbo nisilolijua:
refu, limepinda mara mbili, lina jicho upande mmoja.
Nshan anasema ni ndoana ya kuvutia uzi.
Hamazasp anasema ni brashi iliteleza.
Miaka thelathini na minne katika kazi hii
na sijui.

Nafasi ni haba humu, hata vifungo vinagombania kikopo,
lakini hapo siweki kitu.
Jioni nikifunga kazi, nazisukuma droo moja baada ya nyingine,
du, du, du, du,
na ile ya tano huingia kwa sauti nyepesi
kidogo tu kuliko nyingine.