Bao Alilolimeza

Jumamosi huwa tunagombana kwa ajili ya miji ya Waingereza,
miji ambayo hata viza ya kuichungulia hatutapewa.
Ezama na shemeji yake hawakusemezana wiki tatu
kwa penalti iliyopigwa huko mbali, kwenye ukungu.
Mimi nakusanya elfu-elfu mlangoni, sichagui upande.
Pesa ya aliyefungwa hununua dizeli sawa na ya mshindi.

Lakini usiku ule Korongo wetu walicheza na Kongo,
na sare tu ingetosha kutupeleka Afcon.
Banda langu la Oli likajaa hadi mabati yakatoa jasho.
Jezi za Arsenal zilibaki nyumbani, chini ya magodoro.
Kila mtu njano; asiye na jezi
alivaa fulana ya kampeni iliyopita,
sura ya mgombea ameipaka masizi.

Wimbo wa taifa letu ni mfupi:
ukiinama kufunga kamba za kiatu, umekwisha.
Candiru wa chapati aliuimba na unga mikononi.
Adriko, anayedai kiinua mgongo
tangu bomu limchukulie mguu,
aliweka magongo chini, akashika bega la mtoto wa watu,
akasimama kama yule ndege wa kwenye bendera.

Kwenye kona, karibu na jenereta, alikaa Mateso,
msukuma mkokoteni, mtu wa Ariwara,
anayetuvushia vitenge na sabuni kila Alhamisi.
Nilimuuliza kwa macho. Akanijibu kwa mdomo:
"Dada, mpira ni mpira."
Uongo.

Dakika ya themanini na tisa
tulikuwa tumeshafika Afcon.
Watu walikwisha kupanga safari wasizokuwa na nauli yake.
Ezama alikuwa amemkumbatia shemeji,
tena kwa nguvu, kama anayekamata mwizi.
Kisha kona.
Kichwa.
Wavu.

Nimewahi kulisikia banda likilia;
sikuwahi kulisikia likinyamaza namna ile.
Watu mia mbili, na kinachosikika ni jenereta,
tututu, tututu, likinywa dizeli yangu bila haya.
Nikamtazama Mateso.
Mikono yote miwili imeng'ang'ania benchi,
mishipa ya shingo imemtoka kama kamba za mzigo.
Bao lilimfika kooni
akalimeza.
Nililiona likishuka, taratibu, kama tonge la moto.

Labda aliogopa.
Labda ni adabu tu: mgeni hapigi vigelegele matangani.

Taifa ni nini, waulizeni waliosoma.
Mimi niliona watu mia mbili wakitoka mlangoni pangu
wanamtukana kipa kwa jina lake la utotoni,
kama vile wao ndio waliomwogesha,
na wa kwanza kumtukana ndiye wa kwanza kusema,
"Lakini jua lilimchosha, kijana wetu."
Candiru aligawa bure chapati zilizobaki.
Moja alimpa Mateso. Hakumwangalia usoni, lakini alimpa.

Nikazima jenereta. Nikahesabu noti, zote zimelowa.
Giza lilikuwa limejaa hadi barabarani.
Ndipo nikaisikia, kutoka upande wa mto Enyau,
sauti ya mtu mmoja, peke yake,
amefika mahali anapodhani hakuna mwenye masikio:
"Gooooooooli!"
Na mara ya pili, ndefu zaidi.
Mbwa wa Oli wote wakaitikia.

Nilibaki nimeshika kufuli,
nimefungwa moja bila,
na sijui kwa nini nilisubiri ya tatu.

Alhamisi alileta sabuni, sauti imemkauka kabisa.
"Mafua," akasema.
"Pole," nikamwambia.
Akashusha katoni, akapangusa jasho,
akatazama benchi tupu nyuma yangu, moja baada ya jingine.
"Poleni," akasema.